Je, jengo la Mwanza likipunguza kaboni, kodi ya jengo inapungua?

Swali: Nina jengo la sakafu tatu Kirumba, Mwanza. Chini kuna maduka manne, kila duka na mita yake. Sakafu mbili za juu ni gesti ya vyumba 20, mita moja, na kwa mwezi natumia kama uniti 2,400. Kodi ya jengo inakatwa kwenye Luku. Fundi wa sola ananiambia nikifunga paneli na kupata cheti cha jengo la kijani naweza kuomba punguzo la kodi ya jengo, kama wanavyofanya Ulaya na Marekani. Ni kweli? Na kama si kweli, kuna maana yoyote ya kutumia hela hiyo?

Jibu: Si kweli, ndugu yangu, na kabla hujasaini chochote mwombe huyo fundi akuonyeshe kifungu cha sheria. Ila usiitupe hoja yake yote. Kupunguza kaboni kwenye jengo kama lako kunalipa sana, ila malipo hayaji kupitia kodi ya jengo.

Kodi ya majengo kwetu ni kiwango maalumu. Tangu mwaka 2021 inakusanywa kwenye manunuzi ya Luku, na tangu Julai 2023 viwango vya mjini ni sh 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na sh 90,000 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa. Kwa mwezi ni sh 1,500 na sh 7,500. Wewe una sakafu tatu, kwa hiyo sh 22,500 kwa mwezi, sh 270,000 kwa mwaka. Kiwango hicho hakiangalii thamani ya jengo wala umeme linaotumia, na hakijali kama juu kuna sola au jenereta linalotoa moshi mweusi. Misamaha iliyopo inaangalia mmiliki ni nani na jengo linatumikaje: nyumba za ibada, majengo ya umma, nyumba anayoishi mzee wa miaka 60 na kuendelea au mtu mwenye ulemavu asiye na kipato. Gesti haimo.

Huko fundi wako anakokusema, punguzo lipo, na lina mantiki yake. Miji mingi ya nje hutoza kodi kwa thamani ya jengo. Ukifunga sola thamani inapanda, na kodi inapanda nayo, yaani mtu anaadhibiwa kwa kufanya jambo jema. California walilitatua kwa kuiondoa thamani ya mitambo ya jua kwenye tathmini ya kodi. Hispania sheria inaziruhusu halmashauri kupunguza hadi asilimia 50 ya kodi ya jengo lenye mitambo ya jua. Pune, India, mwenye nyumba aliyefunga hita ya jua, kisima cha kuvuna maji ya mvua au mfumo wa kuozesha taka hupunguziwa asilimia 5, na akiwa na zaidi ya kimoja asilimia 10. New York wanatumia mikono miwili: kwa upande mmoja unapunguziwa kodi ya jengo kwa miaka minne ukifunga sola, kwa upande mwingine majengo makubwa ya zaidi ya futi za mraba 25,000 yana ukomo wa kaboni ulioanza 2024, na anayeuvuka hupigwa faini ya dola 268 kwa kila tani ya ziada.

Sasa lete hilo Kirumba. Tuseme Jiji limeamka kesho na kukupa punguzo lile la Hispania, nusu nzima ya kodi. Ungeokoa sh 135,000 kwa mwaka. Gesti yako iko kwenye daraja la T1, la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni sh 292 kabla ya VAT na makato ya REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati). Yakishaingia yote unalipa karibu sh 350. Uniti 2,400 ni sh 840,000 kwa mwezi, zaidi ya milioni 10 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, punguzo la nusu ya kodi ya jengo lingekulipia umeme wa gesti kwa siku tano hivi. Ukipunguza matumizi kwa asilimia 20 tu, unabaki na sh milioni 2 kila mwaka bila kupiga hodi ofisi yoyote. Kiwango maalumu kina faida moja ambayo watu hawaioni: ukifunga sola kwetu, kodi haipandi hata senti. Inapanda ukiongeza sakafu.

Kuna pesa ya kodi ambayo huenda unaipoteza sasa hivi, na hiyo ndiyo ya kushughulikia kwanza. Jengo lako lina mita tano. Kila mita iliyosajiliwa bila kuunganishwa na nyingine inaweza kukatwa kodi kama vile ni jengo linalojitegemea. Chukua ujumbe wa Luku wa manunuzi ya kwanza ya mwezi kwa kila mita, zote tano, uangalie mstari wa kodi ya jengo. Jumla ya makato ya mita zote haitakiwi kuzidi sh 22,500 kwa mwezi. Ikizidi, peleka maombi ya marekebisho ukiwa na namba za mita, hati au leseni ya makazi, na ujumbe wa makato ya angalau miezi mitatu. Usipeleke maneno matupu. Pili, makato yakitokea kwenye mita ya duka, anayelipa ni mpangaji ilhali mdaiwa kisheria ni wewe mwenye jengo; andikeni kwenye mkataba kwamba atakata kiasi hicho kwenye pango. Tatu, duka likifungwa miezi minne, makato hayo yanalimbikizwa. Mpangaji mpya atanunua Luku ya sh 20,000 na kupata uniti chache mno, na wa kulaumiwa utakuwa wewe. Haya yote hayahusiani na pango la ardhi, ambalo ni deni lingine kabisa.

Tukija kwenye kaboni yenyewe. Umeme wa gridi ya Tanzania siku hizi unatoka zaidi kwenye maji na gesi asilia, na mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere yenye megawati 2,115 imeongeza sana upande wa maji. Kwa hiyo uniti ya TANESCO haina kaboni nyingi kama watu wanavyodhani. Jenereta ndilo chafu. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Jenereta la kVA 20 likibeba nusu ya mzigo linameza kama lita 3 kwa saa kutoa uniti 8. Weka bei ya dizeli ya EWURA ya mwezi huo. Ikiwa sh 2,900, uniti moja inakugharimu karibu sh 1,090, mara tatu ya Luku, na ina kaboni ya kilo nzima. Jenereta kubwa linaloendeshwa usiku kwa taa kumi na kisimbuzi ni hasara mara mbili, maana injini ya dizeli isiyobeba mzigo hujaza masizi na kuharibika mapema.

Chafu la pili halionekani kabisa: gesi ya viyoyozi. Kilo moja ya R-410A ikivuja inapasha dunia joto sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa, yaani sawa na kuchoma lita 780 hivi za dizeli. R-32, gesi nyingine ya viyoyozi, ni sawa na kilo 675. Kwa hiyo fundi anayefungua gesi hewani ili "aijaze upya" kila mwaka anafuta kazi yote ya paneli zako. Kiyoyozi kizima hakihitaji kuongezwa gesi kila mwaka; kikipungua gesi kinavuja, mara nyingi kwenye kifundo cha bomba nyuma ya mashine ya ndani. Kifundo kipimwe kwa naitrojeni na povu la sabuni, kirekebishwe, mabomba yanyonywe hewa kwa pampu nusu saa au zaidi, ndipo gesi ipimwe kwa mizani. Ukinunua kipya, chukua cha inveta chenye R-32. Na kwa hali ya hewa ya Mwanza, mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku nyuzi 17 hadi 19, chumba kilichojengwa vizuri kinahitaji feni tu. Mgeni akiomba kiyoyozi saa nne usiku, jua lililoingia mchana kupitia bati ndilo linalomsumbua.

Basi bati. Paka rangi nyeupe ya kuakisi jua, ile ya mpira maalumu ya mapaa, mikono miwili, baada ya kusugua kutu na kupaka primaya. Bati jipya linang'aa, lakini linashika joto na haliliachii haraka. Juu ya dari tandaza sufi ya kuzuia joto au foili yenye mwanya wa hewa wa sentimita 2.5 upande unaong'aa. Foili ambayo upande wake unaong'aa umegusana na kitu, bila mwanya huo, haiakisi joto. Acha matundu ya hewa chini ya ukingo wa paa na juu kwenye kilele, yenye wavu, la sivyo popo watahamia. Upepo wa mchana huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, wa usiku hugeuka, kwa hiyo madirisha ya pande mbili zinazotazamana yanakufanyia kazi saa zote. Wengi wameziba la upande wa korido kwa ajili ya usalama. Weka nondo na wavu, usizibe kwa tofali. Taa badilisha zote ziwe za LED, hilo halihitaji maelezo.

Kwenye gesti mzigo mkubwa kwa kawaida ni maji ya moto. Mgeni mmoja anatumia kama lita 40 za maji ya nyuzi 40. Maji yakiingia na nyuzi 24, hiyo ni uniti 0.74. Wageni 20 ni uniti 15 kwa siku, karibu 450 kwa mwezi, sh 156,000. Zaidi ya hapo, shawa za umeme za kilowati 5 zikiwashwa nne kwa pamoja saa kumi na mbili asubuhi zinahitaji kilowati 20 ghafla, na ndiyo maana wenye gesti wengi hushauriwa kununua jenereta kubwa. Hita mbili za jua za mirija, lita 200 kila moja, zitabeba karibu robo tatu ya kazi hiyo gesti ikiwa imejaa, na yote ikiwa nusu. Hapo unaokoa sh 117,000 hivi kwa mwezi.

Hita hizi huharibika kwa sababu moja kuliko zote: maji kukatika. Mirija ikikaa tupu juani inafika zaidi ya nyuzi 150, halafu maji ya baridi yakirudi saa saba mchana mirija inapasuka mmoja baada ya mwingine. Dawa ni kuwa na simtanki lake peke yake, sehemu ya chini ya simtanki iwe juu ya tangi la hita, na mfumo ujazwe usiku au kabla jua halijapanda. Usiunganishe hita moja kwa moja na bomba la mtaa, shinikizo likibadilika mpira wa mdomo wa mrija unaachia. Weka vali ya kuchanganya maji kabla ya vyumba, kwa sababu saa kumi jioni tangi linaweza kuwa na nyuzi 70 na mgeni ataungua. Mabomba ya moto yavishwe sponji hadi chumbani; mita 30 za bomba tupu zinamwaga ulichokusanya mchana.

Ukishafanya hayo, ndipo uangalie sola. Atakayekuja atapenda kukuuzia kilowati 15. Angalia kwanza mchana unatumia nini. Gesti inalala mchana: friji, pampu, mashine ya kufulia, pasi, mapokezi. Soma mita saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni kwa siku saba, ukiandika. Kwa matumizi ya uniti 80 kwa siku, mchana mara nyingi hauzidi theluthi moja. Kilowati 5 zinatosha kuanzia: paneli tisa za wati 550, mita za mraba 23 hadi 24 za paa, wastani wa uniti 20 kwa siku kwa jua la kwetu. Ukitumia uniti 500 kati ya 600 za mwezi, umeokoa sh 175,000. Fua na kupiga pasi mchana, pandisha maji mchana, utaongeza. Betri ziwe ndogo, za lithiamu, za kubeba taa, intaneti na mapokezi umeme ukikatika. Hizo ndizo zinazolinyamazisha jenereta.

Mafundi wengi wanateleza kwenye mita. Luku haikutengenezwa kupokea umeme kutoka kwako. Sola ikizalisha zaidi ya unachotumia, umeme unarudi gridini, na mita nyingi za malipo ya kabla ama huhesabu kama umetumia, ama huona kama umechezea mita na kujifunga. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia kwenye jengo, iwekwe kwenye hali ya kutopeleka umeme nje, na kihisi cha mkondo, kile kipete kinachobanwa kwenye waya mkuu, kiwe baada tu ya mita, mshale wake ukielekea upande ulioelezwa kwenye kitabu. Kikigeuzwa, inveta inaelewa kinyume: unapotumia inadhani unazalisha. Siku ya makabidhiano zima mizigo yote mikubwa saa sita mchana jua likiwaka, uangalie taa ya mita kwa dakika kumi. Ikiendelea kumweta haraka, kazi haijaisha. Na mradi wa kuunganisha na gridi uende TANESCO kwanza, mchoro ukiwa mkononi, kupitia mkandarasi wa umeme mwenye leseni.

Paneli zilale nyuzi 10 hadi 15. Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo kaskazini au kusini si hoja. Mwinamo ni wa kufanya mvua ioshe. Simtanki likiwa upande wa mashariki linatupa kivuli asubuhi nzima, lihamishe kabla, maana paneli moja ikifunikwa inavuta chini mstari mzima. Kongoti, wale ndege wakubwa wa Mwanza, wanapenda kutua juu ya vitu virefu, na kinyesi chao hakiondoki kwa mvua moja. Osha kwa maji na fagio laini alfajiri, kamwe si saa saba kioo kikiwa cha moto. Miguu ya fremu ifungwe kwenye papi, siyo kwenye bati peke yake.

Halafu ethi, yaani waya na fimbo za kupeleka umeme wa radi na hitilafu ardhini. Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yanayopigwa radi zaidi duniani, na miamba ya Mwanza haipitishi umeme vizuri. Fundi akigonga fimbo ya mita 1.5, mara nyingi inagonga jiwe kwenye nusu mita. Anaikata, anafukia, kazi imekwisha. Hiyo ethi ni pambo. Jengo lako likiwa limekaa juu ya jabali, waya wa shaba utandazwe kwenye mtaro kuzunguka jengo, sentimita 50 kwenda chini pale udongo unapopatikana, ukizikwa kwenye bentonaiti (udongo maalumu unaoshika unyevu), na fimbo kadhaa ziunganishwe pamoja. Ipimwe kwa kipimo cha ethi kiangazi, mwezi wa saba au wa nane, isizidi omu 10. Vizuia mshtuko wa radi viwe viwili, upande wa paneli na upande wa mita. Fundi asiye na kipimo cha ethi usimpe kazi hii, hata akiwa na bei nzuri.

Kuhusu cheti. EDGE, cheti cha jengo la kijani kinachotolewa chini ya IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia, kinataka jengo lipunguze angalau asilimia 20 kwenye mambo matatu: nishati, maji, na mzigo wa vifaa vya ujenzi kwa mazingira. Kwa gesti ya vyumba 20 cheti hakikuletei punguzo la kodi, na ada zake si za kubeza. Chukua iwapo unataka mkopo wa benki wa kijani, au wageni wako ni mashirika yanayouliza mambo hayo. Fedha za aina hiyo zipo. CRDB ilitoa Hatifungani ya Kijani mwaka 2023 mahsusi kwa miradi ya namna hii. Benki itakuuliza swali moja: ulikuwa unatumia kiasi gani kabla? Omba TANESCO historia ya manunuzi ya miezi 12 leo, kabla hujabadilisha hata balbu, uiweke pamoja na risiti za dizeli na kumbukumbu za gesi ya viyoyozi. Karatasi hizo hizo huenda zikahitajika ikiwa siku moja Bunge litaweka punguzo. Viwango vya kodi hii hupangwa Dodoma kupitia Sheria ya Fedha inayoanza kila tarehe 1 Julai, si na Jiji la Mwanza, kwa hiyo maoni yako yapeleke Wizara ya Fedha wanapokusanya mapendekezo ya maboresho ya kodi, mapema kabla ya bajeti, tena kupitia umoja wa wenye gesti kuliko peke yako.

Kodi ambayo inaweza kukupunguzia gharama sasa ni VAT ya vifaa. Paneli za jua zina msamaha, lakini si kila kitu kwenye mzigo wa sola kimo: nyaya, fremu, vikata umeme na ufundi hutozwa kivyake, na orodha ya misamaha huguswa karibu kila bajeti. Kataa profoma yenye mstari mmoja unaosema "mfumo wa sola, jumla". Kila kifaa kiwe na mstari wake, bei yake, na VAT yake, kisha iwe risiti ya EFD yenye mistari hiyo hiyo. Muuzaji anayekutoza VAT ya paneli anakudai kodi isiyokuwepo.

Jambo la mwisho ni maduka. Ukiunganisha sola kwenye mita ya gesti, wapangaji hawafaidiki na hawana haki ya kulalamika, paa ni lako. Ukipaka bati na kuzuia joto, sakafu ya juu ndiyo itakayopoa. Lakini kama duka mojawapo lina majokofu ya samaki yanayokoroma mchana kutwa, huyo ndiye mteja wa sola aliyekamilika kuliko gesti yako. Zungumza naye kabla ya kuamua paneli tisa zikae kwenye mita ipi. Akikubali pango lipande kidogo huku Luku yake ikishuka zaidi ya hapo, zifunge kwake.